Sakafu: Vilevile

Mfuko ulitua mezani ukiwa bado unachuruzika maji ya chumvi, na Bi Kamba akautambua kabla hajaugusa.

Ulikuwa mfuko wa unga, wa kitambaa cheupe kilichogeuka rangi ya chai, na kwenye pembe zake nne kulikuwa na vitanzi vya uzi mwekundu. Vitanzi hivyo alivishona yeye mwenyewe, ameketi kwenye kiti hikihiki, ili mfuko ufungwe juu ya mdomo wa kisima kuzuia vumbi. Wiki tatu zilizopita upepo uliung'oa ukatumbukia kisimani. Alichungulia, akauona unazama taratibu kama mtu anayechukuliwa na usingizi, akajisemea basi, kesho nitashona mwingine.

“Umeupata wapi?” aliuliza.

“Kwanza sema ahsante,” alisema shemeji yake. “Mwanamume nimekuletea zawadi kutoka chini ya bahari, wewe unataka risiti.”

Shemeji huyo alikuwa mdogo wa marehemu mumewe. Kazi yake ilikuwa kuzamia bandarini, akikwangua mwani na makombe yaliyoganda kwenye matumbo ya meli. Siku za mapumziko, badala ya kupumzika kama binadamu wengine, alikwenda kuzamia tena kwa raha zake. Siku hiyo nywele zake zilikuwa bado mbichi, na macho yake yana duara jekundu la miwani ya majini.

“Nisikilize, mke wangu.”

“Mke wako yuko kwako anakusubiri. Sema ulichokuja kusema.”

“Nimeutoa kwenye pango. Chini ya ule mwamba wa ufukweni kuna tundu, ukiingia ndani panafunguka ukumbi. Huko darini kuna meno ya mawe yananing'inia. Mfuko wako ulikuwa umenasa kwenye jino.”

“Mfuko huu ulitumbukia kisimani, shemeji. Kisimani hapa, nje ya mlango huu.”

“Ndiyo maana sikungoja hata kujifuta.”

Kutoka kisimani hadi ufukweni ni hatua mia sita. Bi Kamba alizijua kwa sababu alizipiga mara nyingi, jioni baada ya kazi, tangu alipofiwa. Hatua mia sita za barabara, nyumba, duka la vipuri na kiwanja cha shule. Chini ya vyote hivyo, kwa akili yake, palikuwa na jiwe. Jiwe tupu. Mji mzima ulijengwa juu ya jiwe, na watu wakilisifu: hapa nyumba haititii.

Alikuwa mpima kisima wa kituo cha maji kwa miaka kumi na tisa. Kazi ilikuwa nyepesi kueleza. Kila asubuhi ashushe kamba yenye fundo kila mita moja, kisha aandike kwenye daftari kubwa safu mbili: Maji, yaani uso wa maji uko fundo la ngapi, na Sakafu, yaani mwisho wa kisima uko fundo la ngapi. Jina alilopewa na wazazi lilibaki kwenye vyeti. Mtaani alikuwa Bi Kamba, na watoto wakimwona na kamba begani walimkimbia, maana mama zao waliwaambia huyo anapima mpaka uongo.

Shemeji alilichukua birika lililokuwa juu ya jiko dogo pale ofisini, akalifunua, akakwangua ndani kwa ukucha. Ukatoka ukoko mweupe.

“Hiki nini?”

“Uchafu wa birika. Kila wiki nausugua, hauishi.”

“Hauishi kwa sababu si uchafu. Ni jiwe.” Akamwaga siki kidogo kutoka kwenye chupa aliyoitumia Bi Kamba kwa usafi, na ule ukoko ukatoa mapovu, ukachemka bila moto, ukayeyuka mbele ya macho yao. “Umeona? Jiwe la chokaa haliwezani na kitu kikali. Sasa mvua ikinyesha inapita kwenye udongo, inabeba pumzi ya mizizi na majani yaliyooza, inakuwa kali kidogo. Si kali kama siki. Lakini siki haina subira, mvua inayo. Inaingia kwenye ufa mwembamba kama unywele. Miaka elfu, ufa unakuwa bomba. Miaka elfu kadhaa, bomba linakuwa chumba. Jiwe lililoliwa linasafiri ndani ya maji bila kuonekana, mpaka linafika kwenye birika lako. Mke wangu, miaka kumi na tisa unakunywa chai ya sakafu.”

Alicheka peke yake. Bi Kamba hakucheka.

“Na hayo meno? Si umesema pango limejaa bahari?”

“Hapo ndipo penye maajabu. Jino la jiwe huota kwa tone linalodondoka hewani, tone baada ya tone. Majini tone litadondoka vipi? Kwa hiyo pango lilikuwa kavu. Zamani sana, maji mengi ya dunia yalipokuwa yameganda barafu, bahari ilikuwa chini mno, ufukwe uko mbali huko. Barafu ikayeyuka, bahari ikapanda, ikayakuta mapango yako wazi, ikaingia bila hodi. Paa likichoka, linaanguka. Ndiyo yale mashimo ya buluu ninayoyaona huko kwenye maji mafupi, duara kama kisahani, ukichungulia huoni mwisho.” Akarudisha kifuniko cha birika. “Na kuna kitu kingine. Mle pangoni nilipita mahali maji yanatetemeka kama hewa juu ya bati la jua. Ni maji matamu yanakutana na ya chumvi. Kila aina peke yake ni pole. Yakichanganyika yanakula jiwe kwa uchu mwingine kabisa. Kama mawifi, kila mmoja kwake ni malaika, wakutanishe jiko moja uone.”

“Lakini kisima kina sakafu,” alisema Bi Kamba. “Iko fundo la kumi na nne.”

“Uliigusa lini?”

Mkono wa Bi Kamba ulikwenda wenyewe kwenye daftari. Ulifika nusu ya meza, ukasimama.

Miaka kumi na moja iliyopita, kile chuma kizito cha mwisho wa kamba kilinasa kwenye vifusi vya chini, kikamsumbua asubuhi nzima. Mkuu wa kituo wa wakati ule alimcheka. Sakafu ya jiwe itakwenda wapi, mama? Pima maji, hayo ndiyo yanayopanda na kushuka. Bi Kamba akafungua chuma, akafunga kizibo chepesi kinachoelea, na kwenye safu ya Sakafu akaandika neno moja: vilevile. Kesho yake, vilevile. Mwezi, mwaka. Wakati mwingine Ijumaa aliandika la Jumamosi na Jumapili kabisa, mwandiko mmoja mzuri, vilevile, vilevile. Karibu mara elfu nne.

Chuma chenyewe kilikuwa pale mlangoni. Kilikuwa kinazuia mlango usijibamize.

Alikiokota, akakifunga, akatoka. Shemeji alimfuata. Kamba ilishuka. Fundo la tisa, maji. La kumi, la kumi na moja. Kwenye la kumi na tatu aliuandaa mkono wake, maana mkono ulikuwa bado unaukumbuka ule mgongano wa chini, *ngo*, kama kugonga mlango wa mtu unayemjua. Fundo la kumi na nne likapita vidoleni. Likafuata la kumi na tano.

“Bado?” aliuliza shemeji.

Kamba ikazidi kushuka. Kumi na nane. Ishirini. Ishirini na tano, na hapo kamba ikaisha, nayo bado imekaza, chuma kinaning'inia kwenye kitu ambacho si kisima tena. Shemeji alikwenda akafungua kamba ya kuanikia nguo nyuma ya ofisi, wakaunga. Chini kabisa, kwenye mita ya thelathini na moja, chuma kilitua juu ya kitu laini. Hakikugonga. Kilitua.

Kisha kamba ikaanza kusogea. Polepole, pasipo mtu kuigusa, iliuacha mkao wake wa katikati ikaenda kuuegemea ukuta wa mashariki wa kisima. Kuna kitu kule chini kilikuwa kinakivuta chuma pembeni.

“Mkondo,” alinong'ona shemeji, na utani wote ulikuwa umemtoka. “Bahari inavuta maji. Upande huo kuna nini?”

Bi Kamba hakuhitaji kugeuka. Upande huo, nyuma ya ukuta wa kituo, hatua kumi kutoka kisimani, lilikuwa tanuri la dada yake.

* * *

Mkuu wa kituo wa sasa alikuwa kijana mwenye adabu, anayekunja mikono ya shati sawasawa. Alisikiliza hadi mwisho, kisha akalifungua daftari.

“Jana, vilevile. Juzi, vilevile. Mama, nimerudi mpaka mwaka juzi, vilevile. Mimi nakuamini wewe kuliko kamba. Kamba hulegea. Sasa sakafu iliyokaa miaka yote hii imeshuka mita kumi na saba kwa asubuhi moja?”

Palikuwa na jibu moja tu. Bi Kamba alilihisi limefika mpaka kwenye meno. Heri kujikwaa dole kuliko kujikwaa ulimi, ndivyo walivyolelewa.

“Labda… imeshuka ghafla,” alisema.

“Basi nitawaandikia wahandisi. Wiki mbili hivi watakuja.” Akalifunga daftari kwa upole.

Bi Kamba alitoka, kamba na chuma chake begani. Neno lake mwenyewe lilikuwa limesimama mlangoni kama askari, limemzuia kupita.

Kwa dada yake hapakuwa na adabu za mashati yaliyokunjwa. Dada alikuwa mwanamke mnene, mwenye sauti ya kuita watu ng'ambo ya barabara, na ndiye aliyemlea Bi Kamba tangu mama yao alipofariki, mmoja akiwa na miaka kumi na sita na mwingine mitano. Tanuri alilijenga kwa mikono yake na ya marehemu mume wa Bi Kamba: kuba la matofali, refu kuliko mtu, zito kama lori. Kwa miaka ishirini na sita moto wake haukuzimika zaidi ya siku mbili. Wanawake wawili walikuwa wanakanda mezani, na mkupuo wa pili wa mikate ulikuwa ndani.

“Mpima wangu huyo!” dada alisema, mikono imejaa unga. “Umechelewa leo. Mkate wako ule pale. Kisima hakijambo?”

Hivyo ndivyo alivyomuuliza kila asubuhi, na kila asubuhi alijibiwa: hakijambo, dada.

“Dada, zima moto. Tokeni nje wote.”

Wale wawili wakaangaliana. Dada akacheka. “Kuna nini, umeota? Mikate iko ndani, mtoto.”

“Chini hapa pana pango. Kisima kimepoteza sakafu. Maji yanapita chini ya tanuri lako kwenda baharini.”

“Nani kasema? Huyo shemeji yako mlevi wa chumvi? Jana tu nimekuuliza, umeniambia hakijambo. Na huwa nawaambia watu, mdogo wangu anapima hata kivuli chake kabla hajakikanyaga. Sasa jana na leo, nani mwongo?”

Moto ulinguruma. Harufu ya mkate ilikuwa nzuri, na hilo ndilo lililomshinda. Kwamba kitu kizuri hivyo kilikuwa kimekaa juu ya tundu, na yeye amekuwa akikila.

“Wa jana,” alisema Bi Kamba. “Wa jana ndiye mwongo. Dada, miaka kumi na moja sijapima sakafu. Nilikuwa naandika tu. Vilevile. Nilikuwa nachukua mkate wako nakwambia hakijambo, na sijui.”

Mmoja wa wakandaji aliachia donge, likaanguka mezani. Dada aliishusha mikono yake yenye unga. Uso wake ulipauka, halafu ukawa mkubwa, kama donge linaloumuka, na Bi Kamba alisimama akingoja kofi. Lingekuwa nafuu.

“Na leo umepima?” dada aliuliza hatimaye.

“Leo nimepima.”

“Kwa mkono wako?”

“Kwa mkono wangu.”

Dada alijifungua aproni. “Tokeni,” aliwaambia wale wawili. “Acheni unga. Acheni na mizani. Tokeni!” Na kwa mdogo wake, bila kumtazama: “Mtu havui nguo hadharani kwa jambo la uongo.”

Aliondoka na kitu kimoja, ndoo ya chachu, ile aliyorithi kwa mama yao na kuilisha unga kila siku.

Walisimama ng'ambo ya barabara. Wateja waliokuja kununua mkate walianza kucheka. Mzee mmoja aliuliza kama siku hizi mikate inajiuza yenyewe. Shemeji alikuwa kwenye kona, amenyoosha mikono, akizuia baiskeli na mikokoteni isipite, akitukanwa. Dakika zikaenda. Moshi ulitoka kwenye bomba la tanuri kama siku zote, umenyooka. Hakuna kilichotikisika, hata jani.

“Mkupuo wa pili unaungua,” alisema dada. Halafu tena, kwa sauti nyingine, “Unaungua ule.” Akaweka ndoo chini. “Naingia nautoa tu narudi.”

“Dada, usiende.”

“Niachie! Umeshaniaibisha vya kutosha leo.”

Alikuwa ameshakanyaga katikati ya barabara Bi Kamba alipomkamata gauni kwa nyuma kwa mikono yote miwili, kama anavyokamata kamba. Gauni likachanika. Dada akageuka, mdomo wazi, tayari kumtukana.

Hapakuwa na kishindo. Wote waliokuwepo walikubaliana baadaye kuhusu hilo, na hilo ndilo lililowatia baridi. Ilikuwa sauti ya gunia la unga likiwekwa chini. *Tifu.* Moshi uliokuwa unapanda ulisita, kisha bomba la moshi likashuka, wima, halikuinama hata kidogo, kama mtu anayeteremka ngazi. Paa likafuata. Likafuata kuba lote la matofali, na mara mvuke mweupe ukafoka kutoka chini, *shwaaa*, moto umekutana na maji. Ukuta wa kituo ukakatika katikati. Kisima kikaenda, ofisi ikabaki nusu, meza ikiwa ukingoni na birika juu yake. Mnara wa tangi uliinama, ukabaki hivyohivyo.

Waliokuwa wakicheka waliacha. Hata mzee wa utani alikuwa amejishika kichwa kwa mikono miwili.

Mvuke ulipopungua waliliona shimo. Duara. Hilo pia lilishtua, kwamba kitu kilichobomoka kiwe duara safi hivyo, upana wa hatua ishirini, kingo zake jiwe jeupe lenye matundu kama mkate uliokatwa. Na chini, mbali, maji ya buluu. Juu ya maji mikate ilikuwa inaelea, mkupuo mzima, ya kahawia, haijaungua. Ilizunguka mara moja, ikapanga mstari, ikaanza kwenda upande wa bahari, mmoja baada ya mwingine, ikaingia chini ya barabara.

Dada alikuwa ameketi chini, vumbini, gauni limechanika mgongo mzima. Alikuwa anahesabu watu wake kwa kidole: mmoja, wawili. Akamfikia mdogo wake. Kidole kikabaki pale, hakikuhesabu.

Mkuu wa kituo alitokea upande wa pili, akiwa amekumbatia daftari kifuani kama mtoto aliyeokolewa. “Mama,” alisema. “Lakini jana…”

Bi Kamba alilichukua daftari mikononi mwake. Kalamu ilikuwa bado imechomekwa kwenye nywele zake. Mbele ya watu, kwenye safu ya Sakafu, aliandika: Haikupimwa kwa miaka kumi na moja. Mwandiko ulikuwa mbaya. Akatia sahihi jina lake la vyeti, akamrudishia.

* * *

Aliachishwa kazi, na hakupinga. Wahandisi walipokuja, hawakungoja wiki mbili tena, waligundua kuwa sakafu ya kisima haikuwa jiwe bali vifusi na mchanga vilivyoziba mdomo wa pango, na kwamba vilikuwa vikimong'onyoka kidogokidogo kuingia chini, hasa tangu ilipowekwa pampu kubwa na maji yakashuka. Maji yenyewe yalikuwa yanasaidia kulibeba paa la pango. Yalipopungua, paa likabaki na uzito wake. Mtu angeshusha chuma mara moja kwa mwezi, walisema, angeona: kumi na tano, kumi na sita, kumi na nane. Walisema hivyo kwa upole, hawakumjua aliyekuwa amesimama nyuma yao akiwa na kikapu.

Miezi miwili dada hakuzungumza naye. Shemeji alikuja kila wiki, akajaribu utani, ukamgomea. Akarudi kwenye kuzamia, lakini mle pangoni, alisema, haingii tena. Alikuwa ameikuta mizani ya dada huko.

Siku moja asubuhi mmoja wa wale wakandaji alibisha hodi kwa Bi Kamba. “Dada yako anakuita. Kasema uje na chuma chako.”

Chumba kipya kilikuwa mtaa wa juu, kitupu, kimepakwa chokaa. Dada alikuwa amesimama mlangoni, mikono kiunoni. Hakumsalimu. Alionyesha sakafu kwa kidevu.

“Gonga.”

Bi Kamba alipiga magoti. Aligonga kwa chuma, akasikiliza, akasogea shubiri moja, akagonga tena. Alianza ukutani akaenda safu kwa safu, kama anayesugua sakafu, na dada akamfuata nyuma, hatua kwa hatua.

“Hapa?”

“Pamejaa.”

“Hapa je?”

“Pamejaa.”

Kwenye kona ambapo matofali mapya yalikuwa yamepangwa, tayari kwa tanuri, aligonga mara tatu, kisha akalala kifudifudi akaweka sikio. Alikaa hivyo muda mrefu mpaka magoti ya dada yakaanza kulalamika.

“Unasemaje?”

“Leo pazima,” alisema Bi Kamba. “Kesho sijui. Kesho mpaka nipime.”

Dada alivuta pumzi ndefu puani. “Basi kesho uje kabla sijawasha moto. Na keshokutwa. Na siku utakayoniambia lile neno lako, huo ndio mwisho wako wa kula mkate wangu.”

“Sawa, dada.”

“Kaa, kuna chai.”

Alikaa juu ya rundo la matofali. Dada alimmiminia, na kifuniko cha birika kilipoinuka Bi Kamba aliona ndani yake, kwenye bati jipya lisilo na hata mwezi, ukoko mweupe umeshaanza. Alikishika kikombe kwa mikono miwili. Ilichukua muda kabla hajanywa.